Soko Halikuwamo Kwenye Ratiba

Moshi, huku mlimani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mwanao ni mzima, ila usingizi umenipungua, na sababu yake utaisoma humu humu. Je, wewe hujambo? Goti linaendeleaje na baridi ya huko Mbinga? Kaka Gaudensi aliniandikia kwamba bado unapanda kilima kwenda kuchuma kahawa mwenyewe. Nilicheka, halafu nikakasirika. Acha ubishi, Mama, wajukuu wana miguu mizima, watume wao.

Nimecheka pia habari za majirani. Ati Skola kafukuzwa uuguzi, siku hizi anaongea na redio! Waambie ni kweli naongea na redio, na yenyewe hunijibu. Ni redio koli ya hospitali, na kazi yangu ni hii.

Tangu magari ya mitumba yaanze kumiminika, huku kila mwenye kahawa na bahati kidogo kanunua pikapu, na barabara za mlimani ni zile zile za kona na utelezi. Majeruhi wamekuwa wengi. Zamani kila hospitali na kila zahanati ilimpakia majeruhi wake kwenye gari na kumpeleka mjini bila kumwambia mtu. Wanafika, daktari wa upasuaji yuko ndani na mgonjwa mwingine, damu imekwisha, na hospitali ndogo waliyoipita njiani ilikuwa na daktari amekaa anakunywa chai. Nimewaona watu wakikata roho ndani ya gari, Mama, na msaada wao uko kilomita tatu kutoka hapo.

Ndipo mganga mkuu wetu akawaita wenzake wa upande huu, wakakubaliana kusaidiana. Kila asubuhi saa moja naziita hospitali zote redioni, moja baada ya nyingine: vitanda vingapi, damu chupa ngapi, daktari wa upasuaji yupo, gari lina dizeli. Naandika kwa chaki ubaoni. Akitokea aliyeumia vibaya, yule aliyempokea kwanza ananiita mimi, namwambia ampeleke wapi, na huko anakokwenda nawaambia wajiandae. Mwanzoni niliona aibu kukaa kitini wakati wenzangu wanahangaika wodini, lakini sasa naipenda kazi hii.

Ratiba ya nani anapokea majeruhi siku gani niliiandika mimi. Nilikaa nayo wiki mbili, nikaipigia mistari kwa rula, unanijua nilivyo. Hospitali ya bondeni niliipa Jumanne, kwa sababu siku hiyo daktari wa upasuaji huja kwao kutoka mjini. Wote wakasifu kwamba Sista amefanya kazi. Nilijua Jumanne ni siku ya soko pale njia panda ya kushukia bondeni. Nisilolijua ni kwamba soko lenyewe linakaa barabarani, mikungu ya ndizi kulia na kushoto mpaka katikati, na gari halipiti mpaka alasiri. Mimi huenda mjini kwa njia nyingine. Wenyeji hawakuniambia, maana kwao hilo halisemwi, kama usivyomwambia mtu kwamba Jumapili kuna misa. Kila mmoja alidhani nimeshalifikiria.

Sasa kuna Mama Manka, mwenye nyumba wangu niliyewahi kukuandikia habari zake. Ni mjane, watoto wake wote wako Dar, na mwaka wa tatu huu nakaa kwenye chumba cha uani kwake. Kila Jumatatu jioni akifunga mikungu yake huniambia, "Skola, omba ruhusa kesho twende soko, uone watu." Nami kila mara humjibu, "Wiki ijayo, Mama Manka." Basi anacheka, asubuhi anapanda juu ya pikapu na wenzake, huyoo.

Jumanne moja, mwezi uliopita, ratiba ikiwa bado mpya, nesi wa zahanati akaniita redioni. Pikapu ya wafanyabiashara wa ndizi imepinduka kwenye kona. Wengine wamechubuka tu, ila kuna mama mtu mzima paja limevunjika, tumbo linajaa na presha inashuka. Redioni hatutaji majina ya wagonjwa. Nilimfikiria Mama Manka, lakini sikuuliza. Niliogopa kuuliza, huo ndio ukweli. Nikatazama ubao wangu mzuri: Jumanne, bondeni, daktari yupo, damu chupa mbili. Gari letu lilikuwa huko huko zahanati, nikawaambia washuke naye bondeni, nikawaita bondeni wafungue chumba cha upasuaji.

Haikupita nusu saa nikasikia kwenye redio ya gari sauti ya dereva wetu, Mzee Ndekirwa.

"Sista, hapa hatupiti. Mikungu imejaa mpaka katikati."

"Piga honi, Mzee!"

"Honi ya nini, Sista? Leo si soko? Kwani wewe hukai kwa Mama Manka, hajawahi kukuambia?" Kisha akashusha sauti. "Sista, ndiye huyu niliyembeba."

Mama, nilishika meza. Kurudi juu haifai, kwetu hakuna daktari wa upasuaji. Kuzunguka kwenda mjini ni zaidi ya saa moja, na nilijua tumbo lile halina saa moja. Na aliyewapeleka pale ni mimi. Nikaona kitu kimoja tu kinachowezekana. Nikawaita bondeni, nikawaambia gari lao lipande lisimame upande wa pili wa soko, liwe na damu ndani. Nikamwambia Mzee Ndekirwa amshushe mgonjwa kwenye gari, wampitishe sokoni kwa machela.

Yaliyotokea hapo nilisimuliwa baadaye. Mzee alishuka akapaza sauti kwa Kichagga kwamba ni Mama Manka, anakufa. Basi wanawake wakaanza kuburuta mikungu pembeni, yao na ya wenzao, bila kuuliza ya nani. Wanaume sita wakabeba machela. Muuza dagaa mmoja akaishika chupa ya dripu juu ya kichwa chake njia nzima, na mikono yote ikinuka samaki. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa nasikiliza redio inayokoroma tu. Nilisali, Mama, tena kwa Kimatengo chetu cha nyumbani, maana Kiswahili kilinikimbia.

Ndipo bondeni wakasema, "Tumempokea. Bado anapumua. Ova."

Bandama lilikuwa limepasuka, wakalitoa. Chupa mbili hazikutosha. Nikaita hospitali nyingine ilete damu yake, na kabla haijafika wanawake wa soko walishajipanga mlangoni na vikapu vyao, wamekuja kutoa damu. Jioni daktari akaniambia redioni kwamba atapona. Nililia bila aibu mbele ya kijana wa stoo aliyekuwa amepita pale.

Ratiba ile nimeichana. Jumanne iliyofuata nilikwenda sokoni mara ya kwanza, nikakaa juu ya debe katikati ya wanawake, wakanitajia kila soko la upande huu, siku yake, na njia linayoziba. Walinicheka sana. Sasa Jumanne majeruhi wa huku juu wanapitishwa njia ya kwenye mashamba ya kahawa, na kila siku ya soko gari la pili linangoja upande wa pili.

Lakini kumkabili Mama Manka nilishindwa siku tano. Nikamwambia Mzee Ndekirwa, naye akaenda mpakani mwa kihamba chake, shamba lake la migomba, akanikatia jani la isale. Ni mmea wa majani marefu, huku ukimkosea mtu unampelekea jani lake kuomba msamaha. Nikaenda nalo bondeni, pamoja na chupa ya mtori, ule uji wao wa ndizi na nyama. Nikamkuta amelala, mguu umefungwa unavutwa na uzito, kawa mdogo kitandani. Nikamweleza yote, kwamba aliyempeleka sokoni akiwa anakufa ni mimi, na kama ningemfuata Jumanne moja tu ndani ya miaka mitatu ningejua.

Alilitazama lile jani.

"Nani kakufundisha hii?"

"Mzee Ndekirwa."

"Mgeni akinikosea, Skola, namwambia yameisha, anaenda zake. Isale tunaleteana sisi wenyewe kwa wenyewe." Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka chini ya mto. "Haya, nipe huo mtori kabla haujapoa."

Nilimlisha wote.

Nisalimie Kaka Gaudensi, mwambie soksi alizonitumia zimenitosha. Msalimie shangazi mwenye duka, na wifi yangu anayekuchotea maji, Mungu amlipe. Mpe pole babu wa jirani kwa ng'ombe wake. Mdogo wangu Klara mwambie asiache shule kwa ajili ya yule fundi cherehani, nimeshasikia.

Mama, nimezunguka mpaka kwenye salamu sijasema lile linalonikosesha usingizi. Krismasi hii siji. Nilikuahidi, na najua umeshaanza kuhesabu siku. Mama Manka anatoka hospitali mwezi huo na bado hataweza kuukanyagia mguu. Binti yake ataomba ruhusa ya wiki moja tu kazini. Baada ya hapo kuna kuogeshwa, kugeuzwa, kukatiwa ng'ombe majani, na nyumba nzima tuko wawili. Hakuniomba. Yeye anadhani nimeshakata tiketi. Barua hii nimeichana mara tatu kwa sababu najua na wewe goti linakuuma, na wewe ndiye uliyenizaa, na humo ndani kwako hakuna mtu mzima wa kukusaidia ila wifi.

Naomba uniruhusu. Ukikubali, niandikie. Ukikasirika, niandikie pia, nitajua bado wanisema kama mtoto wako.

Mimi binti yako,
Skolastika