Mume Wangu Ana Mlingoti, Kaka Yangu Ana Maji

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni kwa sababu ndicho chumba pekee cha nyumba yangu kisicho na dirisha la kubishania, na nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo sijui nitakuwa mke wa nani wala dada wa nani.

Mume wangu na kaka yangu wana kampuni ya kusafisha madirisha ya maghorofa, si ile ya kupanda ngazi na ndoo, ni hii ya kisasa ambayo mtu anasimama chini akiwa ameshika kitu wanachokiita mlingoti, mrefu, unavutwa mpaka unafika ghorofa ya nne, kichwani una brashi, na mpira unapandisha maji mpaka kwenye brashi, na maji yenyewe yamechujwa mpaka hayana chumvi wala chokaa, kwa hiyo ukishasugua kioo unakisuuza na kukiacha kikauke chenyewe, hugusi kwa kitambaa, na mume wangu kila akisafisha madirisha ya nyumbani hunisihi, "Mama watoto, usifute!" nami huwa nafuta tu, mkono haunitulii nikiona maji. Sasa hapo kwenye kusuuza, mshauri wangu, ndipo moto ulipowakia.

Mume wangu anaamini ukimaliza kusugua unainyanyua brashi kidogo, ikae mbali na kioo, maji yashuke yenyewe. Kaka yangu anaamini brashi haibanduki kwenye kioo mpaka mwisho, unaipitisha taratibu juu mpaka chini huku maji yakitoka. Miaka yote hatukulijua hilo, kwa sababu wana jengo lao kubwa la ofisi, mbele limewekwa vioo vipya na nyuma lina vioo vyake vya tangu lijengwe, na mume wangu alikuwa anasafisha mbele, kaka yangu nyuma, wanapokezana mlingoti, mmoja akifanya kazi mwenzake yuko kwenye gari anakunywa chai, basi amani tele. Mwezi uliopita kaka akasema jua la nyuma linamchoma shingo, wakabadilishana pande. Kesho yake meneja wa jengo akapiga simu: madirisha yana madoa, mbele na nyuma, kama yametemewa mate. Mume wangu akaenda kutazama upande wake wa zamani, akaona ulivyofanywa na kaka. Kaka akaenda kutazama wake, akaona ulivyofanywa na mume wangu. Walirudi kila mmoja na simu yake imejaa picha.

Tangu hapo nyumba haikaliki. Mume wangu ameacha kutazama mpira, anatazama video za watu asiowajua wakisuuza madirisha, na mmoja akinyanyua brashi anapiga makofi. Akaniuliza mimi, nikiwa nakunja nguo, "Hivi kweli mtu mwenye akili anaigandamiza brashi?" Nikamwambia baba watoto, uko sahihi kabisa. Siku iliyofuata kaka akaja mume wangu hayupo, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye mwenye akili kwetu, hebu niambie, brashi ikiwa hewani inasuuza nini, hewa?" Nikamwambia kaka, umesema kweli. Mshauri, sikuwa na nia mbaya, nilitaka kukunja nguo.

Jumapili tukaenda kula kwa mama. Kabla hata sahani hazijafika, kaka akasema, "Shemeji, hata mke wako ameniunga mkono." Mume wangu akasema, "Mke wangu? Mke wangu ameniunga mkono mimi!" Wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimeshika upawa, sikujua pa kuuweka. Mama akachukua upande wa mwanawe, akasema, "Mwanangu hakunyonya ziwa langu ili aje kufundishwa kusuuza na mkwe." Na mama hajawahi kushika mlingoti maisha yake yote.

Jioni ile wakagawana kampuni kama mirathi. Mume wangu akachukua mlingoti, sasa umelala sebuleni kwangu kutoka kochi mpaka jikoni, tunauruka kama mfereji. Kaka akachukua tangi na mtambo wa kuchuja, amevifungia uani kwake. Mume wangu akajaribu maji ya bomba, vioo vikatoka na chokaa nyeupe, akasema heri chokaa kuliko shemeji. Kaka naye amefunga fagio kwenye bomba la plastiki, likakatika likamwangukia begani. Meneja wa jengo amesema Jumatatu asipoona vioo safi anawaita wengine, na mume wangu ameniambia Jumamosi nitasimama mbele ya mama nitamke nani yuko sahihi, na nikimtaja kaka basi nikakae huko huko kwa kaka. Kaka naye amesema nikimtaja mume wangu, nisahau kwamba nina kwetu. Nawapenda wote wawili. Nalia nikiosha vyombo, na hata hapo mume wangu anasimama mlangoni kuangalia nasuuza vipi. Nimtaje nani?

Ni mimi, mke wa mlingoti, dada wa maji.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba. Kwanza toka chooni, wenzako wanasubiri.

Kwenye meza hii nimepokea barua za nyumba ndogo, za mawifi, za mkwe anayehesabu nyama kwenye sufuria. Ndoa kutaka kuvunjwa na brashi, hii ni mara ya kwanza. Nilicheka mpaka nikaona haya, kwa sababu machozi yako ni ya kweli. Kumlazimisha mwanamke achague kati ya mume na ndugu wa tumbo moja ni ukatili, hata kama sababu ni ya kuchekesha. Pole sana dada. Pole imeisha, sasa nisikilize.

Wewe ni ndumilakuwili. Usinikunjie uso. Unasema ulitaka kukunja nguo. Ungezikunja huku ukisema "sijui", neno fupi, halina gharama. Badala yake ukampa kila mmoja risasi ya kumpiga mwenzake, kisha unashangaa bunduki zinalia. Mshika mawili moja humponyoka, wewe yamekuponyoka yote mawili mbele ya mama yako, na upawa mkononi.

Na hao mabwana zako wawili! Wamesimama chini ya jengo moja miaka nenda rudi, hakuna aliyepiga kona kumtazama mwenzake anafanyaje. Mmoja anapigia makofi simu, mwingine anapigana na fagio. Mama yako mheshimu, lakini mwambie kwa adabu kwamba kunyonyesha ni kazi moja na kusuuza ni nyingine.

Sasa nikueleze nilichofanya. Barua yako ilinikaa kichwani, nikachukua kikombe cha maji nikalimwagia kwa nje dirisha la ofisi yangu, lililobadilishwa kioo juzi juzi. Maji yakatanda kama shuka, yakateremka yote pamoja, hayakuacha kitu nyuma. Nikaenda kwa mhariri, chumba cha pili, ambako kioo ni cha zamani. Nikamwaga. Kwake maji yakajikunja matone matone, mengine yakakimbia, mengine yakabaki yamekaa na vumbi lao. Mhariri akaniuliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia natibu ndoa ya watu.

Umeelewa? Kuna kioo kinachopokea maji na kuna kioo kinachoyakataa. Kinachoyapokea, nyanyua brashi, maji yatajivuta yenyewe mpaka chini. Kinachoyakataa, ukinyanyua brashi unabakiza matone machafu kila mahali, lazima brashi ibaki pale iyatandaze na kuyasukuma. Mumeo alijifunza kazi mbele, kwenye vioo vipya. Kaka yako alijifunza nyuma, kwenye vioo vya tangu jengo lijengwe. Siku walipobadilishana pande kila mmoja alihama na ubishi wake. Mumeo akanyanyua pasiponyanyuliwa. Kaka yako akaigandamiza brashi mpaka ikagusa tena fremu ya juu, ikashusha uchafu wake kwenye kioo kilichokwisha kusafishwa. Wote wawili wako sahihi, na wote wawili walichafua jengo.

Kwa hiyo ulipowaambia wote kwamba wako sahihi, ulisema kweli. Usifurahi. Ulibahatisha, na mtu anayebahatisha ukweli ili aachwe akunje nguo bado amedanganya.

Hivi ndivyo utakavyofanya. Jumamosi usimtaje mtu. Waambie hukumu yako haitolewi kwa mama, inatolewa kwenye jengo. Wabebe wote, mama naye aje, mchukulie kiti. Beba chupa ya maji. Kabla hujaifungua, sema mbele yao: "Niliwadanganya nyote kwa sababu niliwaogopa." Maneno hayo hayo, usiyapambe. Watakasirika, waache wakasirike. Halafu mwaga maji kwenye dirisha la chini la mbele, wote watazame. Zungukeni nyuma, mwaga tena. Usieleze chochote. Hiyo ni kazi yao, maji wanayajua, watajionea wenyewe, na atakayeona wa kwanza atajifanya alikuwa anajua tangu zamani. Mwache.

Baada ya hapo mlingoti utoke sebuleni kwako siku hiyo hiyo, na tangi litoke uani kwa kaka yako, vikutane kwenye gari. Jengo lisafishwe Jumapili, kila fremu isuuzwe kwanza kabla ya kioo chake, na kila mtu amtazame mwenzake akifanya. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na meneja yuko tayari kuwaita kunguru. Wakimaliza, wapite hapa ofisini, mhariri sasa ameona dirisha lake lilivyo na hakai kwa raha.

La mwisho ni lako peke yako. Ukishasema kwamba uliwadanganya, pale wanapokutazama na hakuna anayeongea, mkono utakuwasha. Utataka kuongeza kwamba hukumaanisha vile, kwamba baba watoto alikuelewa vibaya, kwamba kaka naye alikuchosha. Mumeo ameshakuambia mara ngapi nyumbani kwako? Ukishasuuza, ondoka. Usifute.