Waliniacha Nisimulie Mji wa Ukuta

Bellevue, Jumapili, Novemba 2018. Mvua, kisha jua, kisha mvua tena.

Mama yangu amekufa. Naandika ili nilione jambo hili limeandikwa, maana kichwa bado kinakataa.

Nimetua jana asubuhi kutoka Cartagena, Kolombia. Mteja wangu wa saluni ya Yeoville, hapa ugenini ninakosukia, alikuwa anaolewa huko, akanilipia tiketi nikamsuke yeye na wasimamizi wake. Mimi, msusi mzaliwa wa Uvira, kwenye mji wa kale ambao Wahispania waliuzungushia ukuta mnene hadi watu wanatembea juu yake.

Nilipofika nyumbani nikawakuta akina mama wa kanisa wamejaa chumbani kwangu, vitenge viunoni, viti vya plastiki mpaka kwenye korido. Nikajua wamekuja kunipokea. Nikajiona mtu wa maana.

Wakanipa ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Nikala, nikashiba. Kisha nikatoa simu nikaanza kusimulia: mizinga inayotazama bahari, nyumba za manjano zenye maua kwenye roshani, wanawake weusi wenye mabeseni ya matunda kichwani, niliowasalimia kwa Kiswahili kwa kujisahau. Nikasimama hata kuigiza jinsi nilivyoikimbiza kofia yangu pale juu ya ukuta. Nilikuwa nacheka peke yangu na sikushtuka.

Mama Neema, jirani yangu, alizitazama picha zote, moja moja. Halafu akaiweka simu pembeni, akanishika mikono yote miwili, akaniambia.

Mama alifariki nikiwa ndiyo kwanza nimefika kule. Amezikwa Uvira siku ileile ya harusi, mimi nikiwa juu ya ukuta na gauni la kuazima.

Kwetu msafiri hapewi habari ya msiba akiwa njiani. Anasubiriwa afike, akae, ale. Najua. Nimeshakaa mara nyingi kwenye viti hivyohivyo, nikimtazama mwenzangu akila.

Lakini ule ujumbe wa sauti unaniua.

Siku ya harusi nilimrekodia Mama nikiwa ukutani, asikie upepo wa huko na ngoma zao. Nikamtumia kaka Bahati, aliyekuwa akiishi naye, ampe asikilize. Akanijibu, "Amesikia. Amecheka sana."

Leo nimempigia. Nimemfokea mpaka sauti imekauka, nimemwita mwongo, nimemwita muuaji. Akasema, "Ningekuambia, nani angekushika kule, dada yangu?"

Tumelia wote wawili mpaka salio langu likaisha.

Simchukii. Ningetaka kumchukia, ingekuwa nafuu.

Kesho nitampigia tena nimuulize kitu kimoja tu: Mama aliniulizia?

Atasema ndiyo. Nami nitajuaje?