Uso wa Fundi Cherehani

Jumanne, 4 Machi

Miezi mitano sijachora kitu cha maana. Nchi inawaka moto, mimi nachora mabakuli ya matunda kwa ajili ya kuta za hoteli! Jioni kaja mdogo wangu, mpiga picha wa gazeti, macho mekundu kwa moshi wa mabomu ya machozi. Kanionyesha picha ya gazeti la kesho: mwanamke kasimama peke yake mbele ya askari, kaipa kamera mgongo, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni. Fundi cherehani. Mwili ulinisisimka. Nimepata!

Alhamisi, 6 Machi

Mgongo umekubali kwenye turubai. Mikono imekubali. Lakini nataka uso. Nimemwomba mdogo wangu, kakataa katakata. Eti nyuso hazitoki kwenye kamera yake siku hizi, mgongo hauna jina. Mtakatifu! Nani alimfundisha kutazama kama si mimi?

Jumapili, 9 Machi

Kaja kula, kaenda kunawa, kaacha kamera mezani. Nikaifungua. Picha ya kumi na saba — kageuka! Jicho la kushoto limefumba nusu kwa moshi. Mdomoni kabana pini mbili. Mbele ya bunduki hakuzitema! Nikaunakili uso kwa simu. Si wizi, nimeangalia tu. Mwongo mkubwa mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Ufunguzi wa maonyesho. Watu wamelia mbele ya picha yangu. Wamelia! Kila mmoja kainua simu, anaipiga picha. Mwenye ukumbi kanikumbatia, eti nchi ilikuwa inausubiri uso huu. Mdogo wangu kaingia amechelewa, kasimama mbele yake muda mrefu, kaondoka bila hata hongera. Wivu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 24 Machi

Wivu gani! Kaja asubuhi, hata salamu hakunipa. Askari wanne walikwenda jana kwenye kibanda cha fundi, sura yake imo kwenye simu zao. Si picha ya gazeti. Yangu. Fundi katorokea mlango wa nyuma, kaacha gauni la mtu kwenye cherehani. Anajaribu kufika mpakani.

"Mimi nimeuficha uso wake wiki tatu, dada. Wewe umewachorea."

Nikataka kumwambia kwamba sanaa... Sanaa nini? Kasema kila anayeingia ukumbini anatoka anaijua sura ile, na wengine watakutana naye njiani. Kataka niifute. Kisha kaweka mezani ufunguo wa nyumba yangu, ule niliompa mwaka alipohamia mjini. Naona aibu.

Jumanne, 25 Machi

Mwenye ukumbi hataki kuishusha. Eti ndiyo kwanza jina langu limepanda, na yeye si mwoga. Nikamdanganya kuna mahali pa kurekebisha. Kanipa saa moja kabla ya kufungua milango. Naandika nimekaa sakafuni, mkebe wa rangi nyeusi uko wazi pembeni. Nje foleni imeshaanza, nawasikia wakicheka.

Mara tatu nimenyanyua brashi. Mara tatu nimeishusha. Sijawahi kuchora uso kama huu, na sitachora tena — najijua.

Dakika kumi zimebaki. Nilichofanya mpaka sasa ni kimoja: kivuli chini ya jicho la kushoto kilikuwa hakijakaa sawa. Nimekirekebisha. Sasa anafanana naye zaidi.