Vidole Viwili vya Mama

Shoga, nimejifungia kwenye choo cha walimu. Usinipigie, nitalia.

Unamkumbuka yule binti wa dawati la nyuma niliyekwambia hachori? Muhula mzima karatasi yake nyeupe. Juzi nikamwambia, "Chora unayempenda, usiogope kukosea." Akamchora mama yake. Alimpatia sura kabisa, shoga. Ila mkono mmoja ulikuwa na vidole vitatu.

Na Rula unamjua, huyu mkuu wetu wa sanaa. Mchoro wenye kosa anaubandika ukutani darasa zima liucheke, eti ndiyo motisha. Nikamwonea mtoto huruma. Walipotoka kwenda mapumziko nikachukua penseli, nikaongeza viwili.

Leo Rula kaja darasani kwangu, kaunyanyua mchoro juu. "Tazameni mkono huu. Kumbe hata mvivu akitaka anaweza."

Binti akasimama. "Mama ana vidole vitatu. Viwili vilikatwa na mashine kiwandani."

Rula hata hakupepesa macho. "Basi mshukuru aliyemrekebisha. Huyu wa kwenye karatasi amependeza kuliko wa nyumbani."

Kuliko wa nyumbani, shoga. Kamwambia mtoto hivyo, na darasa likaangua kicheko.

Na mimi nikatabasamu. Woga tu, unanijua nilivyo. Lakini aliniona, akajua ni mimi.

Kengele ilipolia akaja mezani kwangu, akaweka ule mchoro na penseli yake. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa.

"Mrekebishe na uso, mwalimu. Huenda na huko nilikosea."