Asante ya Kukaa

Jumamosi. Mvua imenyesha asubuhi nzima, kisha jua likatoka kama vile halikuwa na habari. Sasa ni jioni, mtaa wetu wa Kisugu wote unanukia udongo na moshi wa makaa, nami nimekaa kizingitini na simu mkononi. Vidole vyangu vina harufu ya karanga. Nitaeleza.

Leo nimelala mchana. Nilirudi kutoka Kamwokya, kwenye chumba tunachoshonea nguo, nikiwa nimelowa hadi magotini. Nikajilaza nipumzike kidogo tu, na usingizi hauombi ruhusa. Katika usingizi nikasikia kinu. Tu. Tu. Tu. Nilikuwa mdogo tena, kwetu Bukavu, Kongo, nyuma ya jiko letu. Mama na mama mdogo walikuwa wanatwanga sombe, majani ya mihogo, michi yao inapokezana, huu unapanda huu unashuka, nami nimelala mkekani nimefumba macho na kujifanya nimesinzia. Nilijua kwamba sauti ile ikiendelea, hakuna baya litakalotokea.

Sijawahi kuwa na furaha kubwa kuliko hiyo. Na sikuwa ninafanya chochote.

Kisha nikaamka, na sauti haikukoma.

Lakini nikianzia hapo hutanielewa, ewe unayesoma, hata kama ni mimi mwenyewe nitakayesoma mwakani. Ngoja nirudi nyuma.

Mama alifika Kampala mwanzo wa mvua hizi. Kwetu vita vimeingia hadi mtaani, majirani wengi wameondoka, na ilinichukua maombi na machozi mengi kwenye simu mpaka akakubali kupanda basi. Nilimpokea kituoni. Alikuwa na begi moja, na mgongoni, amekifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga, akiwa amebeba kinu. Kinu cha mti, kizito, cha nyumbani. Mpakani walimcheka. Mimi sikucheka, ila niliona haya kidogo, na kwa kuwa hapa ninaandika ukweli, acha neno hilo libaki.

Nilikuwa na mpango wa kumfurahisha. Mama ametwanga, amelima, amebeba mizigo sokoni tangu akiwa binti. Nikasema basi, sasa apumzike. Nikanunua kiti kikubwa chenye mito nikakiweka barazani. Nikampata dada wa kufua. Sombe nikawa nanunua iliyosagwa tayari kwa mashine, kwenye mifuko. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe la mama nililificha. Na kile kinu nikakijaza udongo, nikapanda ua jekundu, nikakiweka pembeni ya mlango. Kilipendeza kweli. Hata wateja wangu walikipiga picha.

Mchi wake sikuuona tena. Nikadhani ameutupa.

Mama alikaa. Asubuhi nikiondoka nilimwacha kitini, jioni nikirudi nilimkuta kitini. Sombe ya mashine alionja, akasema ina ladha ya chuma, akala kwa heshima. Jumapili moja nikampeleka Port Bell akaone ziwa, maana nilijua anakosa ziwa letu la Kivu. Tulisimama pale, mabehewa yanapakiwa kwenye meli, upepo unavuta kitambaa chake cha kichwa. Akaangalia kwa muda mrefu. Akasema maji haya hayana ng'ambo. Kwetu ukitazama ziwa unaona vilima vya upande wa pili, unajua mtu mwingine huko naye amekaa anakutazama. Tukanunua samaki wa kukaanga tukarudi nyumbani.

Nilianza kuamka alfajiri nikisikiliza kama anapumua. Mtu anaweza kukauka kwenye kiti chenye mito, ujue.

Sasa hapa lazima niseme kuhusu mji huu na kushukuru kwake. Wenyeji wa Kampala hawakupiti unapofanya kazi bila kukushukuru. Unafagia, unashukuriwa kufagia. Unapika, unashukuriwa kupika. Mwaka wangu wa kwanza hapa, sijui mtu, nasugua sufuria nje ya chumba cha kupanga, mzee nisiyemfahamu akapita akasema, "Gyebale ko, nnyabo," yaani hongera kwa kazi, mama. Hakusimama hata. Niliingia ndani nikalia. Tangu siku hiyo nikaupenda mji huu, pamoja na mashimo yake na vumbi lake.

Jirani yetu Mama Acen ameishika desturi hiyo kuliko wenyeji wenyewe. Yeye ni Mwacholi kutoka kaskazini, mjane wa askari polisi. Yeye huenda misa, marehemu alikuwa mtu wa msikitini, na watoto wamegawana. Nyumba yao husherehekea kila sikukuu iliyopo. Kiswahili chake ni cha kambi za polisi, na hicho ndicho anachozungumza nasi. Kila asubuhi anapita uani kwenda bombani akigawa shukrani zake: asante kufua, asante kupika, asante kupiga pasi. Ni kama kengele ya shule. Bila yeye siku haianzi.

Jumatano nilirudi nikakuta begi la mama limesimama mlangoni, limefungwa. Mchi umechomoza juu yake kama shingo ya bata. Kumbe ulikuwa chini ya kitanda muda wote huu.

Mama akaniambia kwa upole kabisa kwamba lundi, Jumatatu, anapanda basi kurudi Bukavu. Nikamuuliza kwa sababu gani, mama, kule bado si salama. Hakutaka kusema. Nikamsumbua hadi akasema, akiangalia mikono yake:

"Benzangu banashukuriwa juu ya kazi. Miye, ule mama alinishukuru juu ya kuikala."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Mama Acen alipita na ndoo, akamshukuru dada anayefua, akamshukuru fundi anayechomelea geti, akafika kwa mama yangu kwenye kiti chake cha mito. Akasema, "Asante kukaa, mama." Na mama, ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwona amekaa, akasikia kwamba uani pote wanajua kuwa anakula bila kufanya chochote.

Nilikasirika. Siku mbili sikumjibu Mama Acen salamu zake. Usiku nililala nikiliona lile begi hata nikiwa nimefumba macho. Kwenye mashine nilishona mkono wa blauzi ya mteja kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena. Nilikuwa naogopa. Niliogopa barabara ile, na wenye bunduki, na simu itakayolia siku moja kutoka kwa mtu nisiyemjua. Mama yangu alikuwa anakwenda kufa kwa sababu ya kiti.

Jana jioni nikavuka uani kwenda kwa Mama Acen. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, makali. Alikuwa anachambua karanga kwenye ungo. Nikamweleza yote, na sauti yangu ilianza kwa hasira ikaishia mahali pengine kabisa.

Aliweka ungo chini.

"Mimi hapana tukana mama yako," akasema. "Mtu akikaa nashukuru kukaa. Akilala nashukuru kulala. Watu mingi wameenda, mama. Yeye iko. Sasa nisishukuru?"

Nilikumbuka kwamba mumewe aliondoka nyumbani asubuhi moja na hakurudi. Mtu kama huyo akikushukuru kwa kukaa, hakutanii.

Kisha akanyoosha kidole upande wa mlango wetu. Akauliza kile kinu cha maua ni cha nani. Nikasema cha mama. Akauliza kama kimepasuka. Nikasema hapana, kizima. Akaguna, akarudia karanga zake. Nikaaga.

Basi. Leo, nimelala, sauti ya kinu ikavuka kutoka ndotoni hadi chumbani na haikukoma.

Nilibaki kitandani. Niliogopa nikisogea itakatika. Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha na kulala juu ya shuka, joto lake kwenye miguu yangu, mahali fulani mbali redio inaimba, na tu, tu, tu, michi miwili inapokezana. Kwa dakika kadhaa sikuwa na umri. Sikuwa mkimbizi, sikuwa fundi, sikuwa binti anayeogopa Jumatatu. Nilikuwa mtu aliyelala na mama yake yuko nje.

Nilipotoka, kitu cha kwanza nilichokiona ni ua langu jekundu, limekaa ndani ya kopo kuukuu la rangi, limeinamisha kichwa kwa uchungu. La pili ni begi. Halikuwa limesimama tena. Bila mchi lilikuwa limejikunja chini ukutani.

Mama na Mama Acen walikuwa wamesimama wakitazamana, kinu katikati yao, kimesuguliwa hadi kikawa cheupe. Baadaye Mama Acen alinieleza kwamba alikuja kuazima kinu tu, atwange karanga na simsim, yaani ufuta, kwa ajili ya rojo ya kwao, kwa kuwa kinu chake kilipasuka walipohama kambini, akabaki na mchi. Alianza kutwanga peke yake. Mama akamwangalia kutoka kitini. Akamwangalia tena. Kisha akainuka akasema hivyo sivyo, na akaenda kwenye begi.

Sijui kama Mama Acen hajui kutwanga. Nadhani anajua sana.

Dada wa kufua alipita na beseni kichwani akasema, "Mwebale okusekula," akiwashukuru kutwanga. Mama akajibu, "Kale," yaani sawa, kwa Kiganda. Alilijifunza wapi neno hilo? Pale pale kitini, bila shaka. Uso wake ulikuwa unatoka jasho, kitambaa cha kichwa kimelegea, na mdomo ameubana kama anavyoubana anapozuia kucheka.

Nilisimama mlangoni na nywele zangu za usingizi. Nilitaka kusema usiende, mama. Nilikuwa nimelisema neno hilo siku tatu na halikusaidia kitu. Kwa hiyo nikasema lile la mji huu.

"Asante kutwanga, mama."

Hakuinua kichwa. Mchi wake haukukosa zamu hata moja.

"Na weye, asante ya kulala," akasema.

Mama Acen akacheka hadi akashika kiuno. Mimi nilicheka nikalia, vyote pamoja, nikaketi chini nikaanza kukwangua rojo iliyoshika ukingoni mwa kinu, nikilamba vidole kama zamani.

Nimekuwa nikijiuliza kwa miezi mtu anahitaji nini ili atulie moyo. Nilidhani ni mito. Labda ni kuwa na kitu cha kushika mkononi, na mtu anayepita akaona. Labda ni vyote viwili, na baadaye kiti cha kukalia pia. Sijui, na leo kutojua hakunisumbui.

Jua linazama nyuma ya paa za mabati. Mama amekaa kwenye kiti chake, amechoka, mikono imelala mapajani, na sijamwona amekikalia vizuri hivyo tangu nilipokinunua. Muda mfupi uliopita aliniita.

"Mardi uniletee majani ya sombe," akasema. "Ya mashini, hapana."

Mardi ni Jumanne. Basi ni la Jumatatu.

Nimemwambia sawa. Kesho nitaamka mapema nikatafute mtu mwenye shamba la mihogo.