Kumpinga Baba Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu Oliva ameua hoja zangu zote leo. Moja baada ya nyingine, huku anamenya karanga. Hapigi kelele huyu mama. Anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza neno moja tu: "Lazima?" Basi, unabaki umesimama kama mlingoti.

Nilisema matuta ni mazuri kwa sababu babu zetu walilima hivyo. Lazima? Babu zetu walitembea pekupeku pia. Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ingawa roho iliniuma.

Mada yenyewe ni hii: mkulima wa Ufipa aache matuta ya kufukia nyasi, alime kwa trekta. Sisi tunapinga. Tunakutana na shule ya wavulana tarehe 22, ukumbini kwetu. Mimi ndiye msemaji wa mwisho. Mimi, Skolastika! Zaituni atafungua, mimi nitafunga. Sijakaa chini tangu nirudi. Shangazi kaniuliza kama nimekunywa kahawa.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya Majivu leo. Nimeharibu kila kitu.

Baba alikuja mjini kutengeneza baiskeli, tukaenda misa pamoja, akala hapa Kizwite, kwa Shangazi ninakokaa. Akasema binti akizoea kusimama mbele za watu kubishana, mwisho atamjibu hata mzazi wake. Na mimi, mdomo huu, nikasema: "Lazima?"

Mungu wangu. Mwiko ulimponyoka Shangazi. Baba hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Alinawa mikono, akasema mdahalo basi, tena leo hii. Nililia mpaka kichwa kikauma. Shangazi alimfuata nje, wakaongea muda mrefu kwa Kifipa, sauti ya chini. Aliporudi akaniambia Baba atakuja mwenyewe tarehe 22. Ataketi, atanisikiliza. Akiona kiburi, nimeaga mdahalo mpaka nimalize shule.

Nina hasira na mimi mwenyewe. Lakini siku ile nitasimama!

Ijumaa, 7 Machi

Weee! Majina ya wavulana yameletwa. Msemaji wao mkuu ni Deus.

Deus ni baba yangu mdogo. Kitinda mimba wa babu. Nimemtangulia kuzaliwa, tumechezea tope moja, nimewahi kumng'ata sikio. Lakini ni baba. Namwamkia shikamoo. Nyumbani nikitaka kusema naye mbele za wazee nachuchumaa, napiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, ndipo naongea. Ndivyo tulivyolelewa. Yeye anaitikia kwa sauti nzito ya kulazimisha, mjinga yule.

Zaituni kacheka mpaka akashika ukuta. Amefunga, eti nisimchekeshe, anakauka koo. Kwao ni wafanyabiashara, hawana mambo ya kuchuchumaa. Anasema nimmalize tu. Nimmalize vipi baba?

Jumapili, 9 Machi

Nimeipata! Nimeipata nikiwa nafua!

Deus atasema kitu kimoja, namjua: waliolima kwa trekta kijijini kwetu walivuna sana, kwa hiyo trekta ndiyo inayoleta mavuno. Hoja nzuri. Watu wataipigia meza. Lakini lazima? Wale wale walioita trekta ndio waliomwaga mbolea ya dukani. Baba yake Zaituni ndiye aliyeipeleka, kwa lori lake. Sasa mavuno yameletwa na nani, trekta au mbolea? Hujui! Huwezi kujua mpaka umpate mtu aliyeita trekta bila mbolea, uone alivuna nini.

Nilikimbia na povu mikononi kwenda kumwambia Zaituni. Tumerukaruka barabarani, mvua inanyesha, watu wanatuona vichaa.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu Oliva kaacha kumenya karanga. Hiyo peke yake ni sherehe.

Akasema hoja imesimama, imebaki mguu mmoja. Mfano. Nimpate huyo mtu wa trekta bila mbolea. Nikasema simjui.

Namjua. Ni Baba. Msimu uliopita alichoka na jembe, akaita trekta, wakasawazisha matuta yote, mbolea hakuweka. Mahindi yakatoka ya manjano, mafupi, ya kutia huruma. Alikuwa anapita njia ya nyuma asikutane na watu. Mwaka huu kashika jembe tena na hasemi neno. Nisimame mbele ya ukumbi, yeye mwenyewe ameketi pale, niseme hilo? Hapana. Afadhali tushindwe.

Ijumaa, 14 Machi

Aibu. Aibu. Aibu.

Wavulana walikuja kwa mazoezi. Deus akaingia na tai, akasimama, akasema ile ile hoja niliyoitabiri. Nikainuka kumjibu. Na kabla akili haijafika, magoti yalishakunjika. Nikachuchumaa, nikapiga makofi. Mbele ya shule mbili!

Ukumbi ulilipuka. Jaji akaandika kwamba upande wa kupinga umekubali hoja. Nikajaribu kueleza, nikababaika, muda ukaisha. Tumeshindwa vibaya. Deus mwenyewe hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 17 Machi

Dawa ya Mwalimu Oliva: nishike kitabu kila mkono ninapoongea, nisiweze kupiga makofi. Zaituni anajifanya Deus, kajichora ndevu kwa kalamu.

Mikono imetulia kweli. Ila sauti imekufa. Nikimpinga Deus nimesimama wima hivyo, najiona namtukana. Maneno yanatoka makavu, hayana mbele wala nyuma. Mwalimu anasema ni mazoea, yatakwisha. Siamini. Nimerudi nyumbani na vitabu vyangu, mkono wa kushoto unauma.

Alhamisi, 20 Machi

Mwandiko unakimbia leo. Kwa furaha!

Shangazi alikuwa anachekecha unga wa ulezi, nikamwuliza alivyomkataa mchumba aliyechaguliwa na babu. Ukoo mzima unakijua kisa hiki, lakini sikuwahi kukisikia kwake. Anasema alichuchumaa, akapiga makofi. Akayarudia maneno yote ya babu, moja moja, mpaka babu akawa anatikisa kichwa kukubali. Hata sababu ambayo babu aliisahau, akamwongezea yeye. Halafu akasema: nimekusikia baba yangu, na sitaki. Babu hakuwa na pa kukasirikia.

Kumbe! Makofi yale si kusema ndiyo. Ni kusema nimekusikia. Mimi nilikuwa napiga makofi, kisha narukia kujibu, katikati nimeacha shimo. Nitaijenga hoja ya Deus kwanza, niijenge vizuri kuliko yeye, wote waone ilivyo na nguvu. Ndipo niulize, lazima?

Mwalimu Oliva kanisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza neno lake. Kaniambia vitabu niviache nyumbani.

Jumamosi, 22 Machi. Asubuhi

Sijala. Zaituni naye hajala, lakini yeye ana sababu. Nje baridi na ukungu, hata mlima hauonekani. Baba ameshafika, ameketi kwa Shangazi na koti lake la misa. Kaniitikia shikamoo yangu, basi.

Jumamosi, 22 Machi. Jioni

Jamani jamani jamani.

Zaituni alifungua kama radi. Deus akaja na tai yake, akapanga hoja kwa utulivu: nyumba zilizoita trekta, magunia yao, watoto wao wanaokwenda shule badala ya kugeuza nyasi. Meza zikapigwa. Kisha mimi.

Nikachuchumaa. Kwa kutaka, safari hii. Nikapiga makofi. Kicheko kikaanza nyuma, nikakiacha kiishe. Nikasema: baba mdogo, nimekusikia. Nikamrudishia hoja yake nzima. Nikamwongezea alichosahau, migongo ya mama zetu, kwamba tuta moja linavunja kiuno. Deus akawa anatikisa kichwa kukubali. Ndipo nikauliza, lazima liwe trekta? Nikaileta mbolea ya dukani. Nikaeleza nyasi zinavyooza ndani ya tuta, kwamba mbolea yetu iko mle mle. Nikaona Deus anafuta kitu kwenye karatasi yake na kuandika kingine. Sijawahi kusikia utamu wa namna hii maishani mwangu, sijui hata niuiteje.

Jaji akauliza: una mfano wa aliyeita trekta bila mbolea?

Nilimwona Baba. Koti, kofia magotini. Nikasema sina.

Tumeshindwa kwa alama moja. Moja! Jaji kasema hoja bora ya siku ni yangu, ila haikukamilika. Deus amekuja kunishika mkono, kanikonyeza, kasema sikio lake bado linauma. Zaituni analia na kucheka. Mimi siwezi kukaa. Nimeshindwa na nina furaha, nani atanielewa?

Baba hajasema kama ameona kiburi. Njia nzima amesukuma baiskeli tu. Amelala kwa Shangazi, anaondoka kesho baada ya misa ya kwanza. Hapo sasa ndipo naogopa.

Jumapili, 23 Machi

Nimemsindikiza Baba mpaka barabara inapoanza kupanda. Ukungu umeondoka. Mashambani watu wachache, ni Jumapili, matuta mapya yamejipanga, meusi kwa mvua.

Akasimama kufunga mzigo wake upya, ingawa ulikuwa umefungwa vizuri. Bila kunitazama akaniuliza kwa nini sikulitaja shamba letu.

Nikachuchumaa pale pale kando ya barabara. Nikamwambia ningemwaibisha mbele za watu.

Akakaza kamba. Akapanda baiskeli, mguu mmoja bado chini.

"Lazima?" akasema.

Akaniambia nimjulishe siku ya mdahalo mwingine mapema, apate kumwomba jirani amwangalizie ng'ombe. Nikabaki nimesimama mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha nikarudi nyumbani kumsaidia Shangazi kuosha vyombo.