Nukta za Fuwele ya Mwisho

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, tope la mtaa wetu wa Lindi limeingia hadi kwenye soksi, na bado natabasamu kama mjinga.

Fuwele yetu ya mwisho imetoa nukta!

Nieleze, maana hata mimi nilichukua muda kuelewa. Maabara yetu inatafuta umbo la protini moja ya kimelea cha malaria. Ni ndogo mno, hadubini yetu haifui dafu. Kwa hiyo unasubiri protini igande kuwa fuwele, kama chembe ya chumvi, kisha fuwele inapigwa eksirei. Miale inatawanyika na kuacha nukta, na kwa kuzipigia hesabu unalipata umbo. Bila nukta, huna kitu.

Kwa miezi minne sikuwa na kitu. Nikiri: kosa lilikuwa langu. Kila asubuhi nilitoa sahani za matone ya protini kabatini, nikazichungulia, nikazirudisha. Nilikuwa nazitikisa tu, na fuwele huota penye utulivu. Protini ikabaki tone moja, na mkuu wetu akasema likiharibika hilo, mradi unafungwa.

Mama ndiye aliyeniokoa. Anauza mandazi Gatwekera, mtaa wa jirani, na jioni moja nilimlilia akiwa anafunika unga aliokanda.

"Wewe shida yako ni kuchungulia," akasema. "Hata hii unga ukifunuafunua, haifuri. Funika, enda zako."

Nikaenda zangu. Wiki tatu nililipita kabati lile kama mtu niliyekosana naye.

Niliporudi, fuwele ilikuwepo. Ikapelekwa ng'ambo kwenye mashine kubwa, na leo picha ikaingia kwenye simu yangu: nyeusi, imejaa nukta nyeupe. Nilienda moja kwa moja kwa Mama, hata koti sikuvua.

Akaitazama kwa muda.

"Si hii ni kama ile mabati yetu ya kitambo? Jua ikitoka, mashimo za misumari zote zinawaka."

Chini ya mabati yale mdogo wangu Otieno aliugua malaria, na alikuwa akiyahesabu mashimo hayo akiwa amelala. Hakupona.

Mama naye alikuwa amekumbuka, niliona machoni. Akanirudishia simu, akanipa mandazi ya moto.

"Basi hesabu vizuri," akasema. "Otieno hakumaliza."

Asante, Mama. Kesho asubuhi naanza na nukta ya kwanza.